Maua ya harusi: hesabu waridi kabla hujahesabu shilingi

Kwenye makaratasi ya kamati nyingi za harusi Dar es Salaam, maua hayana mstari wake. Yamefichwa ndani ya neno moja, "mapambo", pamoja na vitambaa vya viti, mapazia ya ukutani, taa, kapeti ya kupitia maharusi na makochi yao. Mwenyekiti anasoma, "Mapambo, milioni nne." Wajumbe wanaguna, mmoja anapendekeza zipungue ziwe tatu, zinapungua, kikao kinahamia kwenye vinywaji.

Sasa jiulize hiyo milioni imekatwa wapi. Mapazia mpambaji anayo stoo tangu mwaka juzi. Taa ni zake, kapeti ni yake, makochi ni yake; havimgharimu tena zaidi ya kufua, kubeba na kufunga. Kitu anacholazimika kukinunua upya, kwa pesa taslimu, kila Jumamosi, ni maua mabichi. Kwa hiyo milioni mliyoikata kwenye "mapambo" inatoka karibu yote kwenye maua, na siku ya shughuli familia inashangaa mbona mezani kuna waridi tatu na majani tele.

Yatoe maua kwenye lile neno. Yape mstari wake, na huo mstari uanze na idadi ya maua yenyewe. Shilingi zinakuja mwisho.

Anza na meza

Meza za wageni ndizo zinazomeza maua kuliko kitu kingine chochote, na idadi yake haitokani na kadi mlizochapisha. Inatokana na ukumbi. Wageni 250 kwenye meza za watu 10 ni meza 25. Ukumbi huohuo ukipanga watu 8 kwa meza, zinakuwa 32. Kama kila meza ina waridi 12, tofauti ya meza 7 ni waridi 84 ambazo hakuna aliyezipangia fedha. Nendeni ukumbini, mpewe mpangilio wa meza kwenye karatasi, ndipo mfungue daftari la maua. Na kwa kuwa kadi ya mtu mmoja huja na watu wawili, meza za nyongeza hutokea tu. Pangeni mapema kwamba hizo zitawekwa mishumaa na majani, badala ya mtu kwenda kung'oa maua meza nyingine saa 2 usiku.

Ua la katikati ya meza lina aina mbili zinazofaa: fupi lisilozidi sentimita 30 kutoka mezani, au refu linaloanzia juu ya sentimita 60 likiwa kwenye chombo chembamba. Katikati ya vipimo hivyo linakaa usawa wa uso, na watu waliokaa wakitazamana hawaonani. Refu linapendeza kwenye ukumbi wenye dari ya juu, lakini linakula maua mara mbili hadi tatu ya fupi, na likiwekwa karibu na feni linayumba. Nachukua fupi kwa mfano huu.

Fupi lenye upana wa sentimita 35 hivi, la duara, linalotazamika pande zote, huhitaji waridi 12, matawi 5 ya krisanthemamu zile zenye vichwa vingi kwenye tawi moja, matawi 3 ya jipsofila (vile vijiua vyeupe vidogo kama povu), majani ya kujazia 10, na nusu tofali la sponji ya kijani ya maua. Waridi zikishuka chini ya 8 kwenye upana huo, sponji inaanza kuonekana, na fundi analazimika kuificha kwa majani.

Hapa hesabu nzima ya waridi kwa harusi ya meza 25, yenye ibada kanisani na sherehe ukumbini:

- meza za wageni: 25 × 12 = 300
- meza kuu, ua la mbele lenye urefu wa mita 3: 60
- shada la bi harusi: 24
- shada la matroni: 12
- maua ya kifuani kwa bwana harusi, besti na wazazi wanne: 6
- kanisani, mapambo mawili ya madhabahu: 40
- gari la maharusi: 20
- keki: 10

Jumla ni 472. Ongeza asilimia 10 ya zitakazovunjika shingo, kuja na madoa au kugoma kufunguka, unafika 519. Mashambani waridi hufungwa mafungu ya 20, ingawa baadhi ya wauzaji wa mjini hufunga 10, kwa hiyo uliza. Kwa mafungu ya 20 hii ni mafungu 26, yaani waridi 520.

Hiyo asilimia 10 ndiyo inayokatwa kwanza kwenye vikao, na ni kosa. Kwenye fungu la waridi 20, moja au mbili huwa na kasoro hata shamba likiwa zuri. Usipokuwa na akiba, maua ya mwisho kutengenezwa ndiyo yanayoumia, na kati yake mara nyingi limo shada la bi harusi, ambalo litakuwa kwenye kila picha.

Sasa weka bei

Bei ninazoweka hapa ni za kuonyesha hesabu inavyokwenda. Wewe weka ulizopewa na muuzaji wako kwa tarehe yako, kwa sababu bei ya waridi haitulii.

Waridi 520 kwa shilingi 1,000 moja ni 520,000. Krisanthemamu mafungu 19 ya matawi 10, fungu 10,000, ni 190,000. Jipsofila mafungu 11 kwa bei hiyohiyo, 110,000. Majani mafungu 22 kwa 6,000, ni 132,000. Maua na majani yote yamefika 952,000.

Sponji matofali 24 kwa 4,000, 96,000. Kukodi vyombo vya mezani 25 kwa 5,000, 125,000. Usafiri wa kuleta maua na kuzungusha mapambo siku ya harusi, tuseme 150,000. Mafundi watatu kwa siku mbili, 40,000 kila mmoja kwa siku, 240,000. Hapo tuna 1,563,000. Mpambaji naye ale: asilimia 25 kwa usimamizi na faida ni 390,750, na jumla inakuwa 1,953,750. Weka asilimia 10 ya dharura, mstari wa maua unafungwa kwenye 2,149,125.

Tazama vizuri hapo. Maua na majani yenyewe ni 952,000, hayafiki nusu ya bei ya mpambaji. Nusu nyingine ni mikono, gari, vyombo na sponji, vitu visivyopungua hata ukiweka waridi tano badala ya kumi na mbili. Fundi anatumia dakika zilezile 20 kuandaa chombo, kuloweka sponji, kupanga majani na kufuta meza. Ukimbana mpambaji ashushe 500,000 huku meza zikibaki 25, na yeye hataki kupoteza ujira wake, ile 500,000 inachomolewa kwenye 952,000. Umeondoa zaidi ya nusu ya maua kwa kushusha kama robo ya bei. Waridi 12 za mezani zinakuwa 5 au 6.

Kupunguza kwa maana ni kuondoa kitu kizima. Meza 13 zipate maua, meza 12 zipate bakuli la maji lenye mishumaa inayoelea na majani mawili matatu, zikipishana, moja ya maua, moja ya mishumaa. Kila meza uliyoiondoa inaokoa 25,000 za maua, majani na sponji, kwa hiyo meza 12 ni 300,000, na juu yake saa 4 za fundi. Ukumbi unabaki umejaa, na zile meza 13 zina maua ya kutosha kweli. Kwangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, na inasikitisha kwamba kamati chache huifikiria kabla hazijaanza kubishania bei.

Ukuta wa maua

Huu unahitaji aya zake kwa sababu ndio unaovunja bajeti nyingi. Bi harusi ameona picha: nyuma ya maharusi kuna ukuta umejaa waridi tupu. Waridi lililofunguka lina upana wa sentimita 7 hivi. Zikipangwa zikigusana, mita moja inachukua 14, na mita moja ya mraba inachukua 14 × 14, yaani 196. Ukuta mdogo kabisa wa mita 2.4 kwa 2.4 ni mita za mraba 5.76, sawa na waridi karibu 1,130. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya waridi za harusi nzima tuliyoihesabu.

Mpambaji akikuambia atakufanyia ukuta huo wa maua mabichi ndani ya kifurushi cha kawaida, haiwezekani. Utakuwa wa bandia, au utakuwa krisanthemamu na majani. Na ukuta wa bandia hauna ubaya wowote. Hakuna anayeunusa wala kuugusa, unatazamwa kutoka mbali na kamera huupenda. Muombe mpambaji akuonyeshe ule atakaoufunga, uutazame mchana: maua ya kitambaa yaliyokaa stoo hushika vumbi na kugeuka rangi ya chai kwenye kingo. Kisha weka maua mabichi pale tu mkono unapofika, yaani mezani, kwenye mashada, kwenye keki, na kona moja ya ukuta huo karibu na makochi ya maharusi, waridi 40 au 50 zilizochanganywa na za bandia. Macho yakikuta halisi pale karibu, yanaamini na zilizo mbali.

Kuna suala la taa pia, na linahusu fedha moja kwa moja. Kumbi nyingi huwasha taa za buluu na zambarau maharusi wakiingia. Waridi jekundu chini ya taa ya buluu linaonekana jeusi. Umelipia maua 300 mekundu na wageni wanaona mabonge ya kiza. Kama ukumbi una taa hizo, chukua nyeupe, krimu au pinki hafifu, au mwambie fundi wa taa aelekeze taa ya manjano hafifu kwenye meza. Uliza hili kabla ya kuchagua rangi, kwa sababu rangi ya sare ikishatangazwa kwenye kundi la kamati, hakuna wa kuirudisha nyuma.

Maua yanatoka wapi, na lini ni ghali

Waridi nyingi zinazouzwa Tanzania hutoka mashamba ya Arusha na Kilimanjaro, kwenye nyanda za baridi. Kenya ni Naivasha, Thika na maeneo ya Mlima Kenya, na ndiyo maana aliye Nairobi ana chaguo pana kuliko wa Dar au Mombasa. Wapo wanaonunua asubuhi pale City Market, mtaa wa Muindi Mbingu, na kupamba siku hiyohiyo. Wa pwani hulipa pia safari na joto.

Mashamba hayo yanakuuzia wewe, lakini yanaishi kwa soko la Ulaya. Ulaya ikihitaji maua, wewe unabaki na vikonyo vifupi kwa bei ya virefu. Wiki mbili kabla ya Februari 14 ndizo mbaya kuliko zote. Inafuata Machi 8, Siku ya Wanawake, halafu siku ya akina mama ya Waingereza, ambayo huangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima, na ile ya Mei ya Marekani na nchi nyingi nyingine. Harusi ya Februari 10 yenye waridi nyekundu ni gharama ya kujitakia. Hiyohiyo ikisogea mwisho wa Februari, muuzaji anakupigia simu mwenyewe.

Wakatoliki wakumbuke jambo jingine: wakati wa Kwaresima maua hayawekwi altareni, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Kama paroko amekubali ndoa katika kipindi hicho, ile 40 ya madhabahu ifute kwenye hesabu. Na nje ya Kwaresima, nenda ofisi ya parokia uulize nani mwingine anafunga ndoa Jumamosi hiyo. Parokia kubwa huwa na ndoa kadhaa kwa siku moja, na maua ya madhabahu yaleyale yanaweza kuwatumikia wote mkigawana gharama. Wachache huuliza, kila familia inaleta yake, na ya kwanza yanahamishwa nje yakiwa bado mazima.

Masika nayo yana bei yake, ingawa haiandikwi kwenye risiti. Kwenye unyevunyevu waridi hushikwa na kuvu ya kijivu: vidoa vidogo kama vya chai kwenye petali, ambavyo ndani ya siku mbili vinakuwa viraka vya kahawia na ua linaoza. Kwa harusi ya Aprili, ile akiba ya asilimia 10 ifanye 15.

Kuhusu urefu: waridi huuzwa kwa sentimita za kikonyo, 40, 50, 60 na kuendelea, na kila sentimita kumi zinapandisha bei. Ua fupi la mezani linakatwa kikonyo hadi sentimita 15. Kulipia la 60 ili ukate 45 utupe ni kutupa fedha. Agiza la 40 kwa meza na gari, na la 50 au 60 kwa kanisani na mashada tu. Angalizo ni kwamba kikonyo kifupi mara nyingi huja na kichwa kidogo, kwa hiyo omba kuona fungu moja kabla.

Siku tatu za mwisho

Kwa harusi ya Jumamosi mjini Dar, maua yaondoke Arusha Jumatano. Ni kilomita zipatazo 640, yanasafiri kwa basi ndani ya makasha, na buti la basi lina joto. Mtu awe Kituo cha Magufuli, Mbezi, basi linapoingia. Makasha yakilala kituoni usiku kucha, asubuhi unafungua mvuke.

Alhamisi ni siku ya kunywesha. Ndoo zioshwe kwa sabuni na kusuuzwa mpaka harufu iishe, kwa sababu bakteria waliobaki kwenye ndoo ndio wanaoziba vikonyo. Kila kikonyo kikatwe sentimita 2 au 3 kwa mshazari, kwa kisu kikali; mkasi butu unabana mirija ya maji. Majani yote yatakayozama yaondolewe. Yatumbukizwe mara moja, maji yafike theluthi ya kikonyo, chumba kiwe na kivuli na ubaridi, na yaachwe saa 4 hadi 6 kabla hayajaguswa. Kwa kila lita moja ya maji weka kijiko cha chai kimoja cha sukari, viwili vya maji ya ndimu na robo kijiko cha jiki. Sukari ni chakula, ndimu inasaidia maji kupanda, jiki inazuia uozo. Ukiweka sukari peke yake umewalisha bakteria.

Usiyaweke chumba kimoja na ndizi au maembe yanayoiva. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayozeesha maua, na ndoo zikikaa jikoni kwa bibi pamoja na mkungu wa ndizi za shughuli, krisanthemamu zitavumilia lakini kanesheni na jipsofila zitasinyaa.

Waridi likiinamisha shingo, usilitupe. Maana yake hewa imeingia kwenye kikonyo na maji hayapandi. Kata tena sentimita 3 kikonyo kikiwa ndani ya maji, lifunge na wenzake kwa gazeti likae wima hadi kichwani, lisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika karibu na shingo, kwa saa moja. Mengi hunyanyuka.

Ijumaa ni ya meza, na hapa sponji ndiyo inayoamua. Tofali kavu liweke juu ya maji kwenye beseni, ulitazame bila kuligusa. Linazama lenyewe polepole, rangi ikigeuka kutoka kijani cha majivu kuwa kijani cheusi, na baada ya dakika moja hivi linakuwa sawa na uso wa maji. Anayeharakisha akalisukuma kwa kiganja analowesha nje tu; katikati kunabaki donge kavu lisiloonekana. Waridi zilizochomekwa upande huo zinaanza kulegea kabla maharusi hawajaingia, nne au tano kwa pamoja, na kila mtu analaumu shamba. Vilevile ukishachomeka kikonyo usikivute juu kidogo "kukiweka sawa", maana chini yake panabaki tundu la hewa. Kitoe kabisa, chomeka mahali pengine. Na tofali lililokauka baada ya kulowa halinywi tena vizuri, kwa hiyo la harusi ya wiki iliyopita lisiletwe kwako.

Mashada yatengenezwe Jumamosi asubuhi, maua ya kifuani mwisho kabisa. Kama kuna yungiyungi kwenye shada, toa vile vifuko vya chavua mara ua linapofunguka. Chavua yake inatia doa la hudhurungi kwenye gauni jeupe. Ikishadondoka usisugue wala kuweka maji. Ibandue kwa selotepu.

Saa za kazi zenyewe: meza 25 kwa dakika 20 ni saa 8 na dakika 20, kunywesha na kusafisha saa 8, meza kuu 3, kanisani 2, mashada na vifuani 2. Ni zaidi ya saa 23 za mkono mmoja kabla hujapanga chochote ukumbini. Mpambaji anayesema atafanya na msaidizi mmoja Jumamosi asubuhi atafunika upungufu kwa majani na vitambaa. Ukumbi nao ukiwa na shughuli nyingine Ijumaa usiku, mnaingia Jumamosi saa 3 asubuhi. Uliza hilo siku ya kulipia ukumbi, maana linaweza kukulazimisha kuongeza fundi wa nne.

Asumini haina Alhamisi

Kwa harusi za mwambao, Zanzibar, Tanga, Mombasa hadi Lamu, sehemu kubwa ya maua haimo kwenye meza. Imo kichwani, kifuani na chumbani: koja za asumini (maua yaliyotungwa uzini), vikuba (vishada vidogo vya kuvaa) vya rehani, mkadi na langilangi, maua ya kutandazwa kitandani. Bajeti yake ni ya saa zaidi kuliko fedha. Asumini huchumwa ikiwa tumba, alasiri, inatungwa uzini kabla ya magharibi, inafunguka usiku na kutoa harufu yote, na asubuhi imeshaanza kugeuka kahawia. Huwezi kuiagiza tangu juzi. Unachoweza ni kuweka miadi na nyumba mbili tatu zenye mimea ya asumini, ulipe kitangulizi, na uwe na watungaji wa kutosha.

Kiasi chake kipime hivi: tunga sentimita 10 za koja kwa unene unaoutaka, hesabu matumba na dakika ulizotumia. Gawa urefu wa koja zote kwa 10, kisha zidisha zote mbili kwa jibu hilo. Hapo utajua unahitaji watungaji watatu au wanane kati ya saa 10 alasiri na magharibi. Zilizotungwa zifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, ndani ya jani la mgomba, zisinyunyiziwe maji moja kwa moja kwa sababu tumba lililolowa linaingia madoa. Siku ya mvua asumini hupungua sana, kwa hiyo rehani iwe nyingi, yenyewe haijali.

Makubaliano na malipo

Karatasi ya makubaliano iseme aina ya ua, rangi, idadi kwa kila pambo, urefu wa kikonyo, lipi bichi na lipi la bandia, na saa ambayo ukumbi utakuwa tayari. Iseme pia kitakachofanyika rangi mliyoitaka isipopatikana. "Tutatafuta inayofanana" inatosha kugeuza pichi kuwa chungwa. Andikeni rangi ya pili mliyoikubali wenyewe.

Mstari wa maua usitegemee ahadi. Michango mingi huingia wiki ya mwisho, mingine baada ya harusi, na shamba halikati maua kwa ahadi ya mjomba. Mweka hazina atenge pesa iliyokwisha kuingia mkononi: kitangulizi wiki nne kabla ili oda ishikwe, fedha yote ya maua siku saba hadi kumi kabla, ujira wa mpambaji nusu kabla na nusu baada ya meza kukaguliwa. Mjumbe mmoja aende ukumbini saa 10 alasiri na ile karatasi, achukue meza tatu zozote bila kubagua, ahesabu waridi. Zikiwa 7 mahali pa 12, bado kuna muda wa kuleta nyingine.

Halafu vile vyombo 25. Saa 5 usiku muziki ukipamba moto, mashangazi wanaanza kunyanyua maua ya mezani kwenda nayo nyumbani, na chombo kinakwenda na ua. Kisichorudi kinakatwa kwenye dhamana yenu. Wekeni vijana wawili wenye mifuko na nyuzi karibu na mlango: ua linatolewa pamoja na sponji yake, linafungwa, shangazi anaondoka nalo, chombo kinabaki.